Nguvu ya Kiroba Hutoka Wapi?

Pale soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, mchele na maharage husafiri ndani ya viroba, na wapagazi huvirusha juu ya lori bila wasiwasi. Chomoa ukanda mmoja kwenye ukingo wa kiroba kikuukuu. Ukiuvuta kwa urefu, utakuumiza vidole kabla haujakatika; ukiupasua kwa ukucha, unachanika papo hapo kuwa nyuzinyuzi. Plastiki yenyewe ni polipropilini, ambayo pia hutengenezewa ndoo na viti. Nasema nguvu ile haiji kiwandani pamoja na malighafi. Huzaliwa pale plastiki inapovutwa huku fuwele zake zikijipanga.

Molekuli za plastiki ni minyororo mirefu mno, na plastiki ikiyeyuka minyororo hiyo hujikunja na kusokotana ovyo. Uji huo ukipoa umetulia, fuwele huota kila upande, zikiwa za mviringo. Ukivutwa, ncha za kila mnyororo huzidi kuachana, nao hunyooka. Uji ukisukumwa ili tabaka moja liteleze juu ya jingine, mnyororo hunyooshwa kidogo, kisha hupinduka na kujikunja tena. Ndiyo maana, kwa kasi ile ile, kuvuta hupanga molekuli vizuri kuliko kutelezesha. Minyororo michache iliyo mirefu zaidi, ambayo huchelewa kujikunja, ndiyo hutangulia kunyooka na kuwa kijiti, na fuwele nyingine huota juu yake zikiwa bapa, kama nyama kwenye mshikaki. Miaka ya 1960, Pennings wa Uholanzi alipata umbo hilo kwa kukoroga myeyusho wa polithini.

Yupo atakayesema kinachoamua ni upoaji tu. Upoaji una sehemu yake, lakini polipropilini iliyoyeyushwa ikishushwa hadi nyuzijoto 140 na kuachwa itulie, fuwele hujijenga taratibu sana. Isukume kwa sekunde chache katika joto hilo hilo, nazo zitatokea mapema mno. Joto halikubadilika, kilichobadilika ni mwendo. Mwingine atauliza: kama kutelezesha ni dhaifu, mbona ngozi ya ndoo ina fuwele zilizopangika? Kwa sababu karibu na ukuta wa kalibu, tabaka huteleza kwa kasi kubwa na kuganda haraka kabla molekuli hazijajikunja. Katikati ya unene, mwendo ni mdogo, na huko fuwele za mviringo hutawala. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ukanda wa kiroba huvutwa sana baada ya kuganda, ukiwa umepashwa moto tena, hadi urefu wake uongezeke mara kadhaa. Ni kweli, na sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka hapo. Lakini kanuni ni moja: molekuli zinanyooshwa, na fuwele zinafuata mwelekeo wa mvuto. Kwa kuwa mwelekeo ni mmoja, upande wa pili hubaki dhaifu, na kufuma kanda kwa kukingamana ndiko kunakouziba udhaifu huo.

Kwa hiyo anayetaka kuyeyusha viroba vilivyochakaa ajue kwamba moto hufuta mpangilio wote. Minyororo hujikunja upya, na mashine ya kuyeyusha peke yake haitarudisha nguvu ile. Itahitajika na ya kuvuta.