Kabati la Vitabu Lisipigwe Kufuli

(Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa shule za msingi wakati shule zinapokaribia kufungwa)



Siku ya kufunga shule ina desturi zake. Uwanja hufagiwa, madawati huhesabiwa, ripoti hugawiwa, na watoto huimba njia nzima wakirudi nyumbani. Lakini lipo jambo moja ambalo hufanyika kimya kimya, bila wimbo. Mwalimu mkuu hukusanya vitabu vyote vilivyokuwa mikononi mwa wanafunzi, akavihesabu, akavipanga kabatini, kisha akapiga kufuli. Ufunguo huingia mfukoni mwake. Tangu saa hiyo mpaka shule ifunguliwe tena, vitabu vile huwa salama salimini. Na mtoto aliyejifunza kusoma kwa taabu ya mwaka mzima huwa hana hata ukurasa mmoja wa kusoma.

Kwa Tanzania Bara mwaka wa shule huanza Januari. Ipo likizo ya katikati ya mwaka, ambayo huangukia Juni na kuingia Julai, na ipo ile ya Desemba, mbali na mapumziko mafupi yaliyo baina yake. Wiki hizo zikijumlishwa si haba. Mtoto wa darasa la pili ambaye mwezi Novemba alikuwa akifuata maneno kwa kidole, "ka-la-mu, ka-ba-ti", aweza kukaa mpaka Januari asione neno lililoandikwa ila jina la duka na maandishi ya ubavuni mwa basi. Mwalimu wa darasa la tatu anayajua matokeo yake. Siku za kwanza za mwaka mpya hutumika kufundisha upya yale yaliyokwisha fundishwa, na siku hizo hazirudi.

Jambo hili limechunguzwa sana huko Marekani, ambako likizo ya majira ya joto huanza mwezi Juni na kuendelea mpaka mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, yaani zaidi ya miezi miwili mfululizo. Mwaka 1978 Bibi Barbara Heyns alitoa kitabu kuhusu watoto karibu 3,000 wa mji wa Atlanta. Aliona kwamba kadiri mtoto alivyosoma vitabu vingi zaidi wakati wa likizo, ndivyo maendeleo yake yalivyokuwa mazuri zaidi. Baadaye, kuanzia mwaka 1982, wataalamu wengine waliwafuata watoto karibu 800 wa mji wa Baltimore tangu walipoingia darasa la kwanza. Waliona kwamba shule zilipokuwa wazi, watoto wa maskini na watoto wa wenye nacho waliendelea kwa mwendo unaokaribiana. Shule zilipofungwa, ndipo walipoachana. Wataalamu hao waliifananisha shule na bomba la maji. Bomba likiwa wazi kila mtoto huchota. Likifungwa, mwenye akiba nyumbani huendelea kunywa, na asiye nayo hungoja.

Haki inataka isemwe pia kwamba hesabu hizo zimebishaniwa. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi mwingine wa huko huko ulioonyesha kwamba ukubwa wa tofauti hiyo hutegemea sana namna mitihani ilivyotungwa na alama zake zilivyopangwa. Kwa hiyo si vema mtu asimame jukwaani akataja asilimia kama anayesoma bei za mazao. Lakini hakuna katika wabishi hao aliyedai kwamba mtoto hujifunza kusoma bila ya kusoma.

Wala Tanzania haina haja ya kuvuka bahari kulitafuta somo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima na wafanyakazi, wake kwa waume, waliingia madarasani. Wengine madarasa yao yalikuwa kivuli cha mwembe. Mwaka 1975 walipimwa kwa mtihani wa taifa zima. Waliosimamia kazi ile walitambua mapema kwamba mtu aliyejua kusoma mwaka huu aweza kuwa hajui tena mwaka ujao endapo hatapata cha kusoma. Ndiyo sababu zilianzishwa maktaba za vijijini, na ndiyo sababu yalianzishwa magazeti kwa ajili ya wasomaji wapya, kama vile Elimu Haina Mwisho lililotolewa Mwanza. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vilikusanyika kusikiliza redio huku vijitabu vya somo hilo vikiwapo mbele yao. Sikio lilipata lake, na jicho nalo likapata lake.

Sasa, ikiwa mtu mzima mwenye akili iliyokomaa, aliyekwenda darasani kwa nia yake mwenyewe, alikuwa katika hatari ya kusahau, sembuse mtoto wa miaka minane! Ajabu ni kwamba hekima iliyotumika kwa babu haikutumika kwa mjukuu. Babu alifuatiwa na gazeti mpaka kijijini. Mjukuu anafungiwa kabati.

Watakuwapo wazazi watakaosema kwamba likizo ni wakati wa kazi, na kwamba mtoto hakurudi nyumbani ili akae na kitabu wakati mahindi yanaliwa na ngedere. Maneno hayo yana uzito. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 yenyewe ilisisitiza kwamba mwanafunzi ashiriki katika kazi za jamaa yake kama sehemu ya kawaida ya malezi yake, si kama hisani kwa wazazi. Lakini kazi na kitabu havijapata kugombana. Linalotakiwa ni nusu saa. Mtoto anayelinda ndege shambani au anayechunga mbuzi ana saa nyingi za utulivu kuliko mwenzake wa mjini. (Kweli, mbuzi ni adui wa karatasi kuliko mvua, dawa yake ni mfuko wenye mdomo wa kufunga.)

Wapo na wazazi wengine, hasa mijini, ambao woga wao umewapeleka upande wa pili kabisa. Hao huwalipia watoto masomo ya ziada kila likizo, asubuhi mpaka jioni, mtihani juu ya mtihani. Mtoto wa namna hiyo hana likizo. Amehamishwa tu kutoka dawati moja kwenda jingine. Tena masomo hayo huongeza ile ile tofauti iliyoonekana Baltimore, kwa kuwa asiye na fedha hubaki nje. Jirani zetu wa Kenya waliona tatizo likiwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikapiga marufuku masomo ya kulipia wakati wa likizo.

Lililo jepesi kuliko hayo limekwisha jaribiwa. Katika jimbo la Florida, Richard Allington na wenzake waliwapa watoto wa shule za watu maskini vitabu 12 kila likizo ndefu, kwa miaka mitatu mfululizo, na mwaka 2010 walitangaza waliyoyaona. Watoto hao hawakupewa mwalimu wa likizo wala mtihani wa likizo. Walipewa vitabu tu, na vitabu hivyo walivichagua wenyewe. Walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa maskini kupita wote.

Neno "walivichagua" halina budi kukaziwa. Mtu mzima akimchagulia mtoto, kwa kawaida huchagua kile kinachofanana na mtihani. Mtoto akiachiwa, huchagua hadithi ya sungura mjanja, au ya mpira, au ya jini. Basi achague jini. Jicho linalofuata mistari ya hadithi ya jini ndilo litakalofuata mistari ya somo la sayansi.

Vitabu hivyo vipo kwa Kiswahili. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuchapisha hadithi za watoto na kuzifikisha mashuleni. Bodi ya Huduma za Maktaba ina Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na ina maktaba mikoani. Mzazi anayekaa karibu na maktaba hizo ampeleke mtoto, amwache huko nusu siku. Lakini kwa watoto wengi wa vijijini maktaba iliyo karibu kuliko zote ni lile kabati la shule.

Hapa ndipo mwalimu mkuu anapostahili kutetewa. Kufuli lile halikuwekwa kwa roho mbaya. Vitabu ni mali ya umma na vimeandikwa katika leja. Akija mkaguzi akakuta kwamba vilikuwa 40 na sasa ni 31, mwalimu ndiye atakayejieleza. Akikuta vyote 40 vipo, vipya, kurasa zake zimeshikana kama siku vilipotoka kiwandani, mwalimu atasifiwa kwa utunzaji mzuri. Hataulizwa vimesomwa na nani. Katika hali hiyo mtu mwenye busara atafanya nini, kama si kupiga kufuli?

Kwa hiyo jambo hili si la kumwachia mwalimu peke yake. Kamati ya shule ikutane kabla ya siku ya kufunga. Iamue, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kwamba vitabu vya hadithi vitaazimwa likizo hii. Kwamba kila mtoto atachukua viwili na kubadilishana na jirani yake akivimaliza. Na kwamba kitabu kitakachochakaa kwa kusomwa hakitalipwa na mwalimu wala na mtoto. Mzazi atie sahihi, au dole gumba. Wajumbe wa kamati wakishika mzigo huo pamoja, mwalimu atautoa ufunguo mfukoni kwa moyo mweupe.

Na mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba hana kazi katika shughuli hii. Mama anayemenya mihogo amwite mwanawe akae karibu asome kwa sauti. Hahitaji kuzijua herufi ili atambue kwamba hadithi imerukwa mahali, au kwamba mtoto ameanza kutunga ya kwake. Aulize tu, "Ehe, halafu?" Swali hilo moja humrudisha mtoto kwenye mstari. Dada wa darasa la sita amsikilize mdogo wake wa darasa la pili. Naye mwenyewe atafaidika, maana hakuna asomaye kwa makini kama anayemsahihisha mwingine. Bibi akisimulia kisa cha zamani usiku, mtoto akiandike kesho yake katika kurasa zilizobaki za daftari la mwaka uliopita, kisha amsomee bibi. Bibi atakataa nusu yake na kuamuru iandikwe upya. Baba naye, akipokea ujumbe katika simu, ule usio na siri, amwachie mtoto ausome.

Shule zikifunguliwa, vitabu vihesabiwe kama kawaida. Vile vitakavyopungua viandikwe katika leja kwa wino ule ule, na kando ya kila kimoja liandikwe jina la mtoto aliyekuwa akikisoma.