Fomu Uliyojaza Ukiajiriwa Bado Ina Jina la Nani?

Mazungumzo na wafanyakazi wa kaunti na wafanyabiashara wa soko, Keroka

Nafurahi tumekutana Keroka, mahali ambapo mtu anaweza kuulizia bei ya ndizi Kisii na kuilipia Nyamira.

Nilipoambiwa nizungumze juu ya pensheni, nilienda kwanza kwa afisa wa rasilimali watu nikaomba kuona faili yangu. Nilijaza fomu ile nikiwa kijana wa miaka 25, sijaoa. Mahali pa kuandika atakayelipwa nikifa, nimeandika kaka yangu mkubwa, asilimia 100. Leo nina mke na watoto wawili, na hakuna hata mmoja wao kwenye karatasi ile. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini ana watoto wake watano na karo yake. Kama ningeanguka na bodaboda wiki iliyopita nikielekea Ogembo, mke wangu angebaki kumwomba shemeji yake. Nilibadilisha fomu hiyo Alhamisi.

Wazee wetu, nisikilizeni hapa. Shamba, nyumba, ng'ombe na pesa za benki ni mali ya marehemu. Zinapitia Sheria ya Urithi: barua ya chifu, mahakama, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha kwa kawaida miezi sita baada ya hati ya usimamizi kutolewa kabla mahakama kuthibitisha mgawo. Akiba ya pensheni haifuati njia hiyo. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, kifungu cha 36A, inasema mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mali ya kugawanywa kwenye mirathi. Hulipwa na wadhamini wa mfuko kulingana na kanuni za mfuko wenyewe. Wadhamini huanza kwa kufungua faili na kutazama ulimtaja nani.

Kwa hivyo kikao cha ukoo baada ya mazishi hakiwezi kugawa pesa hizo. Hata wosia ulioandikiwa wakili usiutegemee kwa pesa hizi, kama fomu iliyo kwenye mfuko inasema jambo lingine. Na ndoa pia haibadilishi fomu. Wengi wetu hudhani ukishaoa, mke anaingia mwenyewe. Haingii mpaka umwandike.

Na kama hukuandika mtu yeyote? Hapo wadhamini hutumia uamuzi wao kugawia waliokutegemea. Wao hawakujui. Wataomba barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa, na ushahidi wa ndoa. Huku kwetu ndoa nyingi ni za kimila: mahari ilitolewa, wazee walikula, cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila na inataka isajiliwe, lakini ni wangapi hapa wamesajili? Naona mikono mitatu. Mjane asiye na cheti atazunguka kutafuta mashahidi, na mashemeji waliokula ile mbuzi ya mahari ndio wa kwanza kusahau.

Nyote mmewahi kuona mazishi ya namna hii. Mwili umefika kutoka Nairobi Ijumaa, hema limesimamishwa, halafu gari lingine linaingia na mama asiyejulikana na watoto wawili wenye sura ya marehemu. Sitamhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba watoto wale wana haki mbele ya sheria kama wa nyumbani, na baba yao angeweza kuwaandikia sehemu yao akiwa hai, kimya kimya, bila mtu kupigana kando ya jeneza. Mwenye wake wawili pia asiandike mke mkubwa peke yake akitumaini atagawa. Kila enyomba iandikwe na asilimia yake, na ukijumlisha zote zifike 100.

Wasichana je? Kwenye ardhi, baadhi ya wazee bado wanasema binti ataolewa, ingawa sheria haisemi hivyo. Kwenye fomu ya pensheni hakuna mzee wa kukuzuia. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kumwandikia binti yake aliyerudi nyumbani na watoto. Ndiyo, anaweza. Ni akiba yake.

Sasa majina. Ukiandika "Moraa, binti yangu", wadhamini watakutana na Moraa wangapi? Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na nambari yake. Kwa mtoto, fuata cheti cha kuzaliwa. Mke anayeitwa Mama Brian nyumbani, Kwamboka kanisani na Yunia kwenye kitambulisho aandikwe kama kitambulisho kinavyosema. Nimeona faili likikaa miezi kwa sababu ya herufi moja.

Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukabidhiwa pesa mkononi, kwa hivyo taja mlezi, na umwambie huyo mlezi. Uliza pia kama mfuko wako unaweza kumwekea mtoto pesa hizo na kulipa karo kidogo kidogo. Mimi ningependelea hivyo kuliko kumpa mjomba kitita chote mwezi wa Desemba.

Wafanyakazi wa kaunti wengi mko LAPFUND au CPF. Walimu, na watumishi wa serikali kuu waliokuwa chini ya miaka 45 mfumo mpya ulipoanza Januari 2021, wako kwenye mfuko wa utumishi wa umma. Waliobaki kwenye pensheni ya zamani ya serikali wana utaratibu wao, waulize mwajiri. Aliyefanya kazi sehemu mbili au tatu ana fomu mbili au tatu, na ile ya kazi ya zamani ndiyo husahaulika. NSSF iko peke yake. Ukibadilisha ya kazini hujabadilisha ya NSSF.

Mama zetu wa soko, msiseme hii ni ya wenye mshahara. Mpango wa Mbao ulianzishwa 2011 kwa ajili ya jua kali, kuanzia shilingi 20 kwa siku, na NSSF ina Haba Haba. Huko pia kuna mahali pa kuandika jina. Kwenye sacco vivyo hivyo. Benki ni tofauti: yule "jamaa wa karibu" uliyemtaja ukifungua akaunti ni wa kujulishwa, si mrithi. Pesa za benki zitasubiri mahakama.

Mzee mmoja ameniuliza kama kuandika jina ni kujiita kifo. Mzee wangu, nimeandika Alhamisi na leo nimekula matoke sahani mbili.

Fomu inaweza kubadilishwa mara nyingi upendavyo, bila wakili: ukioa, ukizaa, mkiachana, uliyemtaja akifariki. Tia sahihi, shahidi atie yake, peleka, na usiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe. Nakala hiyo ikae mahali mtu mmoja nyumbani anapajua. Familia isiporidhika na uamuzi wa wadhamini, inaweza kuandikia RBA, mamlaka inayosimamia mifuko, na baadaye kwenda kwenye jopo la rufaa.

Nimekuja na fomu za mifuko miwili, ziko kwenye meza karibu na mlango pamoja na kalamu. Mwenzangu wa rasilimali watu yuko hapa mpaka saa kumi. Wenye vitambulisho waanze naye, na waliokuja bila nambari za kitambulisho za wake zao wapige simu nyumbani sasa. Maswali?