Tembea Kando Yake



Leo twataka kunena juu ya ndugu zetu wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti tusizozisikia sisi, huwashuku watu, na mara nyingi hupoteza hamu ya kazi, ya kuoga, hata ya kuzungumza. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 300 hivi ulimwenguni, mmoja anao. Basi kanisa lolote lisidhani kwamba jambo hili liko mbali nalo.

Katika ushirika wetu tunaye kijana wa namna hiyo. Tulimwombea, na tulifanya vema; lakini tulimwombea kwa mbali. Alikaa chumbani mchana kutwa, mlango umefungwa kwa nje, nasi tukaona huko ndiko kumlinda. Mwili ukanenepa, miguu ikalegea, usingizi ukamkimbia. Alipotoka, tulimfuata nyuma kama askari. Siku moja akageuka, akatuuliza, "Mbona hamtembei nami?"

Swali hilo lilituchoma mioyo, likatupeleka kuuliza kwa wenye ujuzi. Haya ndiyo tuliyojifunza. Dawa hutuliza sauti na hofu, wala mgonjwa asiiache. Lakini baadhi ya dawa hizo huongeza uzito wa mwili, na zaweza kuleta kisukari. Tena wengi wa wagonjwa hawa hufa mapema kuliko watu wengine, mara nyingi kwa maradhi ya moyo na magonjwa mengine ya mwili. Hapo ndipo mazoezi yanapofaa. Mwaka 2015 watafiti waliokusanya matokeo ya majaribio mengi walionyesha kwamba mazoezi ya kutoa jasho, kama dakika 90 kwa juma, yalipunguza dalili za ugonjwa. Mwaka 2017 ilionekana tena kwamba mazoezi husaidia kumbukumbu na uangalifu, na hufaa zaidi mgonjwa anapokuwa na mtu wa kumwongoza.

Dakika 90 ni nusu saa, siku tatu kwa juma. Si lazima kuupanda Longonot wenye mita 2,776! Yatosha kwenda dukani na kurudi kwa mwendo wa haraka, kulima, au kucheza mpira. Aliyelala siku nyingi na aanze polepole, baada ya kuonwa na daktari au muuguzi. Kazi ngumu ni kule kuanza, kwa maana ugonjwa wenyewe humnyang'anya mtu hamu. Tusimwite mvivu. Tumpe mwenzi.

Mkumbukeni Eliya chini ya mretemu. Hatusemi kwamba alikuwa na ugonjwa huu, lakini alikuwa amechoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea kwamba imani yake ni haba. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akamwamsha ale tena kwa ajili ya safari. Mungu aliyejali roho ya mtumishi wake aliujali na mwili wake.

Kijana wetu hajapona kabisa. Bado anameza dawa yake, na kuna siku sauti humrudia. Siku nyingine hataki kutoka, nasi twaketi naye tu. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa twatembea pamoja. Usiku hupata usingizi. Mama yake ametuambia kwamba ule mlango haufungwi tena kwa nje.

Ndugu msikilizaji, je, karibu nawe yuko aliyefungiwa hivyo? Juma hili nenda ukabishe hodi. Usimtangulie kumvuta, wala usimfuate nyuma kumchunga. Tembea kando yake.

Bwana awe nanyi nyote. Amina.