Kumwandaa Mtoto kwa Kipimo cha Picha: Kazi Inayoanzia Nyumbani



Watoto wetu wengi hukua wakitishwa na sindano. "Usipokula, daktari atakuchoma." "Ukilia tena nakupeleka hospitali." Anayesema hivyo hana nia mbaya, anataka mtoto ale, alale au anyamaze. Lakini ikifika siku ambayo mtoto huyo anatakiwa alale peke yake kwenye kitanda chembamba na kuingizwa ndani ya mashine, hofu anayo tayari, tena tumempa sisi. Ninachotetea katika mada hii ni kwamba maneno anayoambiwa mtoto kabla ya kipimo ni sehemu ya kipimo chenyewe. Huchangia picha kutoka safi au kuharibika, na huweza kuamua kama mtoto atalazwa kwa dawa ya usingizi.

Mtoto asipotulia

Picha ya mtoto aliyetikisika haisomeki vizuri. Ikiwa ni eksirei, kurudia ni kumpitishia mionzi mara ya pili, na mwili unaokua huathirika na mionzi kwa urahisi kuliko wa mtu mzima. Siti skani huchukua sekunde chache tu, ila mionzi yake ni mingi zaidi. MRI haina mionzi ya namna hiyo. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Shida yake ni muda: dakika 20 hadi 60, pengine zaidi, huku mashine ikigonga kwa kelele zinazoweza kupita desibeli 100. Mtoto wa miaka 4 asiyejua kelele hizo zinatoka wapi atainuka, na hapo ndipo tunapokimbilia nusu kaputi. Nusu kaputi inataka mtaalamu wa usingizi, oksijeni na mtu wa kumwangalia mtoto mpaka azinduke. Wataalamu hao ni wachache katika hospitali zetu, kwa hiyo familia hupangiwa tarehe nyingine na kutafuta nauli upya.

Kuna kipimo kimoja ambacho dawa ya usingizi haiwezi kutuokoa, nacho kinawahusu maelfu ya watoto wa Tanzania. Ni altrasaundi ya mishipa ya damu ya ubongo kwa watoto wenye selimundu, kuanzia miaka 2 hadi 16. Hupima kasi ya damu kichwani. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko katika hatari kubwa ya kupata kiharusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto wa kundi hilo wakiongezewa damu mara kwa mara, hatari hiyo hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Ni kipimo cha kuokoa maisha. Lakini mtoto akilia, kasi ya damu hubadilika, na akisinzia hubadilika pia. Tunamhitaji akiwa macho na ametulia kwa nusu saa hivi, huku mtu akimgandamiza panjani kwa kifaa chenye jeli ya baridi. Utulivu wa namna hiyo haupo kwenye kabati la dawa. Unatokana na mtu aliyekaa na mtoto mapema akamweleza.

Aambiwe nini, na lini

Neno linalotuharibia zaidi ni "haiumi". Kama kuna sindano, aambiwe ukweli: "Utachomwa mkononi, utaumia kidogo, tutahesabu pamoja mpaka kumi. Kulia ruksa, ila mkono usiusogeze." Mtoto aliyedanganywa kuhusu sindano hatamwamini yeyote anapoambiwa kwamba mashine haichomi, na hilo ndilo tunalotaka aliamini, maana ni kweli.

Wa miaka 2 au 3 aambiwe siku hiyohiyo au jioni ya kuamkia. Ukimwambia wiki nzima kabla, atakaa na hofu wiki nzima. Wa shule ya msingi apewe siku kadhaa za kuuliza maswali. Kijana wa miaka 13, tuzungumze naye mwenyewe, si na mama yake huku yeye amekaa pembeni, na aulizwe kama anataka mzazi awepo chumbani. Bibi na dada anayeshinda na mtoto nyumbani nao waelezwe, maana vitisho vya daktari mara nyingi hutoka kwa anayemlisha.

Kisha afanye mazoezi. Alale chini ya meza, mikono ubavuni, mtu agonge sufuria kwa mwiko, naye asitikisike mpaka wimbo anaoupenda uishe. Zipo hospitali za nje zenye mashine ya bandia kwa kazi hii. Kwetu meza inatosha kuanzia.

Uji, hirizi na wanja

Dawa ya usingizi ikipangwa, tumbo lazima liwe tupu, kwa sababu mtoto aliyelazwa anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Kanuni iliyozoeleka ni saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Wazazi wengi hawahesabu uji kuwa chakula, wala chai ya maziwa. Waambiwe waziwazi kwamba uji, maziwa ya ng'ombe na ya kopo vyote viko kwenye saa 6, na waandikiwe saa yenyewe: kipimo kikiwa saa 2 asubuhi, mwisho wa uji ni saa 8 usiku, mwisho wa maji saa 12 alfajiri. Na watoto watangulie kwenye orodha ya siku. Kumweka mtoto na njaa mpaka mchana ni ukatili unaoepukika.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mara nyingi hahitaji dawa. Hunyonyeshwa akashiba muda mfupi kabla, akaviringishwa kwenye khanga, masikio yakazibwa, akalala mwenyewe. Ila hospitali iamue hivyo mapema, kwani aliyetoka kunyonya hawezi kupewa nusu kaputi papo hapo.

Sumaku ya MRI haizimwi baada ya kipimo. Huvuta chuma usiku na mchana. Tunakumbuka hereni na sarafu, tunasahau zipu, pini ya nepi, shanga za kiunoni zenye waya, na hirizi. Hirizi iombwe kwa heshima. Mama ambaye hajawahi kumvua mwanawe hirizi tangu azaliwe asiambiwe "toa hicho kitu" mbele za watu mlangoni. Aelezwe siku ya kupangiwa tarehe, apate nafasi ya kuzungumza na wazee wake. Wanja nao uoshwe, kwa kuwa baadhi una chembe za metali zinazoharibu picha ya macho na maeneo ya jirani.

Ninayoyaleta kwa majadiliano

Karatasi ya miadi tunayompa mzazi mara nyingi ina tarehe, chumba na bei. Upande wa nyuma ni mtupu. Naomba tukubaliane leo kuujaza: saa za kufunga, vitu vya kuvua, zoezi la meza, na sentensi mbili tatu za kumwambia mtoto. Wapo wasiosoma, kwa hiyo muuguzi aisome kwa sauti. Naomba pia mzazi aruhusiwe kubaki chumbani inapokuwa salama, akiwa amevaa aproni ya risasi kwenye eksirei, isipokuwa mama mjamzito. Gumu zaidi ni kupata dakika kumi za muuguzi katika zamu ambayo tayari imejaa, na hapo ningependa kusikia kutoka kwa wakuu wa vitengo: nani atazitoa, na ataachia kazi gani?