Somo la Amri ya Nne: Kumsemea Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu



Wasikilizaji wapenzi, ninyi wa Butembo na Beni mjini, nanyi wa Kyondo, Masereka, Musienene, Mutwanga na Oicha, karibuni katika somo letu. Juma lililopita tulieleza yale ambayo mtoto anawadaiwa wazazi wake akiwa bado chini ya mamlaka yao: kutii, kusaidia kazi, kushukuru. Leo tutazame upande wa amri ya nne ambao mafundisho mengi yaupita upesi. Itakuwaje mzazi asipokuwa tena na nguvu ya kuamuru? Na itakuwaje asipojua tena kwamba wewe ni mwanawe?

Tuchukue mfano. Yupo mama mzee aliyezaa wana wanne wa kiume, nao wakapewa majina kwa kufuata kuzaliwa kwao, kama ilivyo desturi ya Wanande. Akimwita Kasereka kwa jina la Kambale, hakuna la kushangaza. Mama yeyote mwenye watoto wengi huchanganya majina, hata akiwa kijana. Akisahau mahali alipoweka kisu cha kumenyea viazi, hilo nalo ni jambo la kila nyumba. Lakini siku moja anamtazama Kasereka usoni na kumwuliza, «Wewe u mwana wa nani?» Anaweka maharagwe motoni pasipo maji. Anakwenda shambani kwa njia aliyoipita miaka hamsini, asijue kurudi. Usiku wa manane anabisha mlangoni pa jirani akimtafuta mume wake, ambaye wote walihudhuria maziko yake zamani.

Basi hapo ndipo maneno yanapoanza. Kwetu, mzee anayetembea usiku na kusimama mlangoni pa watu hupewa jina moja tu, nanyi mwalijua. Mtoto wa jirani akipata homa juma lile lile, ushahidi umekwisha kutimia. Msidhani ninatia chumvi. Mwezi wa tisa mwaka 2021, katika jimbo jirani la Kivu Kusini, wanawake wanane walioshtakiwa uchawi waliuawa katika muda wa mwezi huo mmoja. Mwezi uliofuata, kule Kisii nchini Kenya, akina mama wazee wanne walichomwa moto na watu wa kijiji chao kwa mashtaka ya namna hiyo hiyo. Sisemi kwamba wote hao walikuwa wagonjwa wa kumbukumbu. Nasema kwamba mzee asiyeweza tena kueleza alikuwa wapi usiku, wala kwa sababu gani, hana la kujibu mbele ya washtaki wa namna hiyo.

Swali: Je, kupotewa na kumbukumbu namna hii ni uchawi, au ni laana, au ni uzee tu?
Jibu: Si uchawi, si laana, wala si uzee tu. Ni ugonjwa wa ubongo.

Zipo namna mbalimbali za ugonjwa huu, na ile inayoonekana zaidi huitwa ugonjwa wa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, aliletewa mwanamke mwenye umri wa miaka 51, mke wa karani wa reli. Daktari alimwuliza jina lake, akajibu, «Auguste». Alimwuliza jina la mume wake. Akajibu tena, «Auguste». Yule mama mwenyewe alisema kwamba amejipoteza. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta umesinyaa, na ndani yake mna mabonge madogo na nyuzi zilizosokotana, vitu visivyokuwamo katika ubongo wa mtu mzima wa afya. Tafadhali litafakarini jambo hili. Huko Frankfurt hapakuwa na mke mwenza wa kumwonea wivu, wala mzimu wa shamba letu, wala jirani wa Butembo. Ugonjwa ni ule ule.

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na magonjwa ya namna hii, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zisizo tajiri. Wataalamu waliowapima wazee wa mjini na wa vijijini katika Kongo-Brazzaville na Afrika ya Kati, mwaka 2011 na 2012, walikuta karibu wagonjwa 7 katika kila wazee 100 waliopita umri wa miaka 65. Kwa hiyo parokia yenye wazee mia moja yaelekea kuwa na wagonjwa kadhaa. Wako wapi? Mara nyingi wamo katika chumba cha nyuma.

Hapa niseme neno juu ya hospitali, maana wako watakaodhani kwamba ugonjwa usiopona haustahili safari. Ni kweli, hadi leo hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa wa Alzheimer. Ziko dawa chache za kupunguza dalili kwa muda. Lakini si kila mzee aliyechanganyikiwa ana Alzheimer. Malaria yaweza kumvuruga akili, hali kadhalika upungufu wa damu, kukosa maji mwilini, au huzuni kubwa ya mtu aliyefukuzwa katika mashamba yake. Na asiyesikia vizuri huonekana mjinga kwa sababu hajibu aliloulizwa. Mengi ya hayo yanatibika. Shikeni kanuni hii: mzee aliyekuwa na akili timamu Jumatatu, akaanza kuweweseka Jumatano, apelekwe katika kituo cha afya siku ile ile. Alzheimer haiji ghafula. Huja polepole, kama mvua inavyokula ukingo wa shamba la mlimani.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Mwakumbuka maradhi ya Ebola yaliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, yakaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Mwakumbuka pia uvumi uliokwenda mbele ya ukweli, hata mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Ni nani waliosaidia kuutuliza uvumi ule? Madaktari, naam, lakini zaidi ni wale waliopona. Walirudi nyumbani, wakasimulia waliyoyaona, na wengine wakakubali kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walilazwa. Mgonjwa wa Ebola aliyepona alikuwa shahidi wa nafsi yake. Mgonjwa wa Alzheimer harudi kusimulia. Kadiri siku zinavyopita, ndivyo maneno yanavyomtoka. Asiposemewa na mtu mwingine, hana shahidi kabisa.

Mtu huyo mwingine ndiye tunayemwita mtetezi. Neno hili si geni kwenu. Mmelisikia katika mafundisho ya Kipaimara. Mtetezi hahitaji kuwa mwanasheria wala mwuguzi. Katika nyumba ya Kikristu mara nyingi ni binti, mkwe, mjukuu au katekista. Kazi yake ya kwanza ni kusema kwa sauti, mbele ya watu, mapema, kabla mtoto wa jirani hajaugua: «Mama yetu ni mgonjwa wa kumbukumbu. Akija mlangoni kwenu usiku, tuiteni.» Ni maneno machache, nayo ni mazito, kwa sababu familia huona haya. Lakini jirani aliyekwisha kuambiwa ni vigumu kuchochewa.

Katika nchi yetu kunyamaza kuna hatari nyingine tena. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa na kukimbia, na wengi wameletwa Butembo kukaa kwa ndugu, katika nyumba wasizozijua. Mzee mwenye ugonjwa huu hufadhaika zaidi anapohamishwa. Asubuhi huamka akitaka kurudi «kwetu», akashika njia ya Mbau au Eringeti peke yake. Fikirini sasa anafika penye kizuizi. Askari anamwuliza jina na atokako, naye ananyamaza, au anataja kijiji ambacho hakina watu tena. Katika vita, mtu asiyejieleza hushukiwa. Kwa hiyo mtetezi ashone kitambaa ndani ya nguo ya mzee, chenye jina lake, mtaa wake na namba ya simu ya nyumbani. Aende kwa mkuu wa mtaa na kwa vijana wanaolinda usiku, awaonyeshe uso wa mzee huyo wakati wa mchana, wamzoee. Wala asiende kama mwenye kuomba hisani. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Kuna na jambo la mashamba, ambalo sitalipita, ijapokuwa laudhi. Ardhi yetu ya milimani ni haba. Mzee asiyejua tena siku ya leo aweza kuletewa karatasi, akashikwa mkono, akatia kidole. Kesho shamba limeuzwa, nao waulizwao wajibu kwamba alikubali mwenyewe. Mkristu akiitwa kuwa shahidi wa kidole cha namna hiyo, akatae. Amri ya saba yakataza wizi, hata kama mwizi ni mtoto wa tumbo lake. Na yule anayemwita mchawi mama ambaye shamba lake analitamani, huyo ameivunja na amri ya nane pamoja.

Vilevile mtetezi atakutana na wenye huruma iliyopotoka. Watataka mzee afungwe kamba kwa usalama wake, au apelekwe mahali pa maombi, anyimwe chakula siku nyingi ili pepo atoke. Sala ni njema, nayo haimzuii mgonjwa kula. Mwili wa mzee aliyenyimwa maji siku tatu hauna nguvu ya kungoja. Mtetezi aseme hapana, kwa upole, lakini aseme, na aketi pale pale karibu na mzee mpaka wageni waondoke.

Tena awe mtetezi wa anayemtunza. Katika nyumba nyingi ni mke wa mwana mmojawapo, ambaye hufua mashuka kila alfajiri, hutukanwa na mgonjwa asiyejua atukanalo, na kisha huulizwa na mashemeji waliokuja kutembea Jumapili kwa nini mzee amekonda. Wana wote wanadaiwa na amri ya nne. Baraza la familia likae, lipange zamu za usiku na fedha za sabuni. Kule Nairobi, Elizabeth Mutunga alimtunza baba yake aliyekuwa na ugonjwa wa namna hii. Kisha akawakusanya watu wa familia nyingine waliobeba mzigo huo huo, na kutokana na kusanyiko lao kikazaliwa chama cha kuwatetea wagonjwa wa Alzheimer nchini Kenya. Shirika lenu la mtaani laweza kuanza hivyo hivyo, kwa akina mama watatu tu, kila mmoja akidhani yaliyompata ni ya nyumba yake peke yake.

Wako watakaouliza: kama hanitambui, nikimheshimu atajua nini? Yoshua bin Sira, katika sura ya 3 ya kitabu chake, alifundisha karne nyingi kabla ya daktari yule wa Frankfurt kwamba baba akipungukiwa na akili, mwana mwenye nguvu zake amvumilie wala asimdharau. Hakuweka sharti kwamba baba ajue. Na wanaowatunza wagonjwa hawa watawaambia jambo jingine: mzee aliyesahau jina la mwanawe aweza bado kuimba wimbo wa Misa aliojifunza akiwa msichana, na kutuliza mikono yake akisikia sauti ya mpole. Mwimbieni basi. Msimbishie kuhusu mume aliyekufa. Mwulizeni alikuwa mtu wa namna gani, naye atawasimulia.

Kabla ya kipindi kijacho, kila shirika lihesabu wazee wake ambao hawajaonekana Misani tangu Pasaka, na wawili watumwe kuwaamkia nyumbani mwao. Mkimkuta mmoja katika chumba cha nyuma, mwambieni katekista wenu, naye amjulishe padri, maana mgonjwa huyo ana haki ya Mpako Mtakatifu kama mgonjwa mwingine yeyote. Juma lijalo tutaanza amri ya tano. Kwaherini.