Tuliowalipia chakula madereva

Aliyepata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilometa 800, anaijua sauti ile ya kondakta: "Chakula, dakika kumi!" Abiria wote mnamwagika mbele ya hoteli moja. Chipsi zimepoa, kuku amekauka, na bei inazidi ya mjini. Kwa nini hapa na si pengine? Mtazameni dereva wenu. Yeye na utingo wamekaa pembeni, wanaletewa sahani zilizojaa nyama, na mara nyingi hawalipi hata senti. Sahani zile tumezilipia sisi.

Dereva wa lori, kwa upande wake, anakula kwa posho yake mwenyewe, na njia hii anaijua kama kiganja chake. Kwa hiyo mimi, nikipata usafiri wa binafsi, nikifika Mikumi au Ruaha Mbuyuni (penye vitunguu vile), sitazami mabango. Natafuta palipoegeshwa malori mengi. Hapo ugali unatoka jikoni sasa hivi, na bei naulizia kabla sijanawa mikono.

Abiria wa basi hana uhuru huo, lakini mama ntilie mara nyingi yuko ng'ambo tu ya barabara. Beba bakuli lenye mfuniko, akupakulie, ukale garini. Nao wenye mabasi, je, posho ya chakula ya dereva na utingo itawafilisi?