Umoja Wetu Wakati wa Maradhi

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu, Same)



Tumeombwa tuseme juu ya umoja wa taifa. Neno hili husemwa kila sikukuu, wala hatupendi kuongeza kelele tu katika ngoma ileile. Kwa hiyo tumeona heri tuueleze umoja kwa jinsi ulivyojaribiwa katika nchi yetu hii ya Upare, hasa kwa mambo mawili: maradhi ya kuenea, na desturi ya kuwaweka watu wa rangi moja chini ya watu wa rangi nyingine.

Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaja hapa Same, yalipokuwa makao ya Bwana Shauri, wakakaa. Hawakuja na silaha. Walikuja kupinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilitozwa kwa kadiri ya mali ya mtu, juu ya kodi ya kawaida, tena kwa Waafrika peke yao. Mali yako ilikadiriwa kwa hesabu usiyoonyeshwa, na majirani wawili wenye mashamba sawa waliweza kuandikiwa kodi mbalimbali. Watu walitaka waelezwe. Wengine waliporudi nyumbani kulima, wengine walishika nafasi zao, na jambo likaendelea hivyo muda mrefu. Kule Usangi, mwaka 1946, akina mama wenyewe waliwazingira maofisa. Maneno waliyowaambia hatutayarudia mbele ya wageni, ila yasimuliwa kwa kicheko hata leo. Ulipofika mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imekwisha ondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliiandika habari hiyo katika kitabu kidogo mwaka 1971, nasi twawasihi vijana waitafute.

Twaileta habari ya mbiru katika mazungumzo ya maradhi kwa sababu moja. Watu wale hawakuwa wakaidi. Walikataa kuamriwa jambo lisiloelezwa.

Miaka kumi baadaye, yaani 1955, mambo mawili yalitokea ambayo yafaa yatazamwe pamoja. Huko Dar es Salaam Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa upya, viti 30 vikagawanywa sawasawa: kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia, kumi kwa Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapata 20,000. Hiyo ndiyo iliyoitwa haki. Mwaka huohuo, katika tambarare za Upare ya Kusini na ng'ambo ya mpaka huko Taveta, ilianza kazi ya kupulizia nyumba dawa ya kuua mbu, iliyoongozwa na wataalamu wa malaria kutoka Amani, ikaendelea hata 1959. Katika Baraza watu walihesabiwa kwa rangi, bali katika kazi ya mbu ilihesabiwa nyumba. Banda la kibarua wa mkonge likiachwa, mbu hupata pa kupumzika, kisha humfuata hata msimamizi mwenye nyumba ya bati. Vifo vya watoto vilipungua. Dawa ile yenyewe, dieldrin, sasa imekatazwa kwa sumu yake, na kazi ilipokoma malaria ilirudi polepole. Hata hivyo wazee wetu waliona kwa macho kwamba maradhi hayapunguzwi kwa kuikinga nyumba ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwa habari ambayo wote tuliomo humu twaikumbuka. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 amepatikana nchini, naye alikuwa ameshukia katika kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, jirani zetu kabisa. Shule zikafungwa. Mwezi wa Mei Kenya ikafunga mpaka isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakawa kama mpira baina ya serikali mbili, kila upande ukiogopa pumzi za upande wa pili. Hapo ndipo tulipouona udhaifu wa undugu wa Afrika ya Mashariki tuuimbao.

Sisi wa milimani, na hasa ndugu zetu wa Mamba Miamba, tulipata jambo la ajabu: nchi nzima ilitaka tangawizi kwa kujifukiza na kwa chai. Mali iliyokuwa ikibembeleza mnunuzi ikawa mnunuzi yuabisha hodi usiku. Na tukubali, wengi wetu tulimfungulia. Wanachama walioapa kupeleka mali ghalani walipimiwa shambani kwa mizani isiyokaguliwa. Bei ilipopoa, walirudi kulaumu Chama. Hatuwataji, maana tukianza kutaja, Kamati nayo haitabaki salama.

Chanjo ikachelewa. Huko Uingereza watu walianza kuchanjwa tarehe 8 Desemba 2020. Hapa kwetu kazi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, kwa dozi zipatazo milioni moja, katika taifa ambalo sensa ya mwaka uliofuata ililihesabu watu 61,741,120. India na Afrika ya Kusini zilikuwa zimeomba tangu Oktoba 2020 kwamba haki za wenye viwanda zilegezwe ili nchi nyingine zitengeneze chanjo. Uamuzi, nao wa nusunusu, ulipatikana Juni 2022. Na Novemba 2021, wataalamu wa Afrika ya Kusini walipoutangazia ulimwengu kwa uaminifu aina mpya ya kirusi, malipo yao yalikuwa kufungiwa njia za ndege. Atakayesema kwamba ubaguzi wa mwaka 1955 ulizikwa na atueleze hayo.

Lakini ilipokuja, wengi wetu tuliikimbia. Wengine walisema ni hila ya Wazungu. Twaelewa shina la shaka hiyo. Watu waliokadiriwa mbiru gizani hawasahau upesi. Kosa lililo letu ni kwamba tangu mwisho wa Aprili 2020 hesabu za wagonjwa ziliacha kutangazwa kwa zaidi ya mwaka, na sisi Kamati, ambao tulijua nani hakuja tena mnadani na nani amezikwa wiki ipi, tulinyamaza. Tulihofu kuitwa wachochezi. Mkulima alikuja kuuliza, "Je, mkutano ni salama?" tukamjibu kwa mzaha. Neno hilo latuuma hata leo.

Ndugu wanachama, wazee wetu walikuwa na ndiva, na maji ya ndiva yaligawiwa kwa zamu. Wito wa msaragambo ukitolewa kwa kuzibua mfereji, mwenye shamba la juu alikwenda sawa na wa chini, ingawa maji yeye hupata kwanza. Kwa mfano huo Kamati yaleta pendekezo lifuatalo. Kila chama cha msingi kichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuuliza habari za maradhi zahanati na kuzisoma siku ya mizani, ziwe nzuri au mbaya. Mwanachama akiugua wakati wa mavuno, shamba lake livunwe kwa msaragambo, na mali yake iandikwe katika stakabadhi kwa jina lake. Tena patengwe fungu dogo katika makato, kiasi chake kiamuliwe na ninyi.

Pendekezo hili ni la nne katika orodha ya leo. Litapigiwa kura kwa mikono baada ya chakula, na mwenye kupinga asimame aeleze sababu zake; karani ameamriwa kuziandika zote.